Mechi Alizoshinda Ferista

Kwa miaka minne mfululizo Ferista Nzunda alikwenda Mbeya kwenye mashindano ya chesi, na kwa miaka minne alirudi Tunduma na pointi mbili kati ya sita. Hakuwa mchezaji mbaya. Alijifunza mchezo huo chuoni alikosomea uhasibu, akaupenda kuliko uhasibu wenyewe, na alipoajiriwa kuwa karani katika kampuni ndogo ya uwakala wa forodha pale Mpemba, nje kidogo ya Tunduma, aliweka ubao wa chesi kwenye droo ya meza yake, chini ya mihuri. Lakini mbili zilibaki mbili. Alikuwa na miaka thelathini na tatu, na alishaanza kujiambia kwamba labda kila mtu ana kimo chake.

Mwaka wa nne, wakati watu wanakunja viti, mwalimu Felix alimwita pembeni. Felix alifundisha hesabu sekondari moja ya huko Mbeya na ndiye aliyekuwa akisimamia mashindano.

"Ile karatasi unayoandikia hatua zako," alimuuliza, "ukishindwa unaifanyia nini?"

"Naitupa."

"Na ukishinda?"

Ferista akacheka. "Naipiga picha."

"Basi usitupe, na usipige picha. Nunua daftari. Kila mechi uiandike upya, hatua kwa hatua, na pembeni mwa kila hatua uandike ulichokuwa unafikiri wakati ule. Si ulichopaswa kufikiri. Ulichofikiri."

"Kuna programu kwenye simu inayoonyesha makosa yote."

"Simu itakuambia hatua nzuri ilikuwa ipi. Haiwezi kukuambia kwa nini wewe hukuiona. Hilo unalijua wewe peke yako, na unalisahau baada ya siku mbili."

Januari Ferista akanunua kaunta buku la kurasa mia mbili na kulifunika kwa gazeti. Aliandika kwa unyofu uliomshangaza mwenyewe. *Hatua ya 14: nimemsogeza malkia bila kufikiri, mteja alikuwa anapiga simu. Hatua ya 22: niliona farasi wake atanilia ngome, nikajiambia labda hataona. Ameona. Hatua ya 31: hapa nilishajua nimeshindwa, nikawa nacheza haraka ili yaishe.*

Aliyekuwa akimshinda katika kurasa hizo zote alikuwa mtu mmoja. Andongwisye Kibona alikuwa dereva wa lori la semi, mwenye miaka hamsini na minne, Mndali wa Ikinga kule Ileje, na alikuwa ameendesha njia ya Dar es Salaam hadi Lubumbashi kwa miaka ishirini na sita. Alijifunza chesi kwa karani wa Kizambia wakati gari lake lilipokwama Ndola wiki sita kwa kukosa kipuri. Ofisi ya kina Ferista ndiyo iliyoshughulikia makaratasi ya mzigo wake, na kila alipofika Mpemba alikaa yadini, kwenye uwanja wa kuegesha malori, siku mbili, tatu, mara nyingine nne, akisubiri kibali cha kuvuka mpaka. Madereva wengine walicheza drafti kwa vifuniko vya soda kwenye benchi la nje. Kibona alimsubiri Ferista amalize kazi saa kumi na moja jioni, kisha wanapanga kete kwenye meza ya mbao chini ya bati, mbele ya ofisi.

Alimshinda kwa adabu. Alipokuwa anashinda alikuwa anavumisha wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini, bila maneno, na Ferista alijifunza kuuogopa wimbo ule kuliko kete zenyewe. Mechi ikiisha Kibona angesema, "Pole, mwanangu. Leo umekazana," akarudi kwenye gari kupika.

Januari na Februari Ferista alishindwa mechi tano na kuziandika zote. Machi wakatoka sare. Aprili, kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu ya kucheza naye, alimshinda. Mei akamshinda tena mara tatu, na Juni mara nne. Jumla mechi nane. Kibona alikuwa akiutazama ubao kwa muda, anatikisa kichwa, anasema, "Sikuiona hiyo." Ferista alitembea kurudi nyumbani akiona daftari limefanya kazi yake. Dada yake Jenista, aliyekuwa akiishi naye, alisema siku hizi hata mboga anakata akitabasamu.

Julai akaenda Mbeya akiwa na uhakika. Akapata pointi mbili.

Mechi iliyomuumiza zaidi ilikuwa ya raundi ya nne, dhidi ya mwanafunzi wa kidato cha pili aliyekuwa anatafuna karanga. Ferista aliweka mtego upande wa ngome ya yule binti, mtego uleule uliokuwa unafanya kazi Mpemba. Binti akautazama, akameza karanga, akasogeza askari mmoja, mtego ukafa. Baada ya hapo Ferista hakuwa na mpango mwingine.

Felix aliomba kuliona daftari. Alilifungua taratibu akiwa amesimama, akalisoma kwa muda mrefu.

"Umefanya vizuri," alisema. "Ila mechi ulizoshindwa umeziandikia kurasa tatu tatu. Ulizoshinda, mistari minne."

"Nilishinda, mwalimu. Niandike nini?"

Felix akasoma kwa sauti: "*Hakuona farasi wangu. Nimekula ngome. Safi.*" Akafungua ukurasa mwingine. "*Hakuona askofu. Safi.* Huyu ni yuleyule aliyekupiga miaka mitatu?"

"Ndiye."

"Kwa nini hakuona? Ulimficha?"

Ferista akachungulia ule ukurasa.

"Kashughulike na hizo," Felix alisema, akimrudishia daftari. "Ukijua kwa nini hakuona, utajua kama ulishinda au uliokota."

Neno kuokota lilimkaa vibaya kutoka Mbeya mpaka Tunduma.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, Jenista alikwenda kwenye kikao cha kwaya na nyumba ikawa kimya. Ferista aliweka ubao kwenye meza ya chakula, akafungua mechi ya kwanza aliyoshinda, ile ya Aprili, na kuicheza upya, akisogeza kete za pande zote mbili. Alipofika pale Kibona alipopoteza ngome alisita. Alitafuta ujanja wake mwenyewe, hila yoyote iliyomfanya mzee asione, lakini hapakuwa na hila. Farasi wake alikuwa amekaa wazi kabisa hatua mbili nzima, akiitazama ile ngome. Mtu aliyeanza chesi wiki iliyopita angemwona.

Akacheza mechi ya pili. Ikawa vilevile. Katika ya tatu, Kibona alikuwa na nafasi ya kumla malkia wa Ferista bure na akamwacha, akasogeza askari asiye na maana. Ferista alikumbuka siku ile. Alishusha pumzi na kumshukuru Mungu kimoyomoyo. Katika daftari alikuwa ameandika, *Nimeponea hapa.*

Ilipofika mechi ya nne wazo likamjia lililomchoma: mzee alikuwa anamwachia. Amemwonea huruma, mwanamke wa kila mwaka pointi mbili, akaamua kumpa. Uso ulimwaka moto akiwa peke yake pale mezani. Alitaka kumpigia simu wakati uleule amuulize, lakini alijua Kibona angekana kwa adabu yake ileile, na yeye angebaki bila ushahidi. Akaamua kuandika orodha. Kila kosa la Kibona, mechi ipi, hatua ya ngapi, kete gani hakuiona na ilikuwa kwenye mraba upi. Kwenye chesi kila mraba una jina: herufi a hadi h kwa upana wa ubao, na namba moja hadi nane kwenda mbele. Yakatoka makosa kumi na matatu. Karibu nusu yalikuwa kwenye herufi a na b, yaliyobaki kwenye g na h, kingo zote mbili za ubao. Hayakumwambia kitu.

Ndipo alipofanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alizunguka meza, akakaa kwenye kiti cha upande wa pili ili autazame ubao kama Kibona alivyoutazama, na akapitia orodha yake tena kutokea hapo.

Katika mechi alizocheza na kete nyeupe, Kibona alikuwa hajaona kitu kwenye a na b. Alipocheza na nyeusi, hajaona kwenye g na h. Kwa anayecheza na nyeupe, a na b ziko kushoto. Kwa mwenye nyeusi, ubao umegeuka, na g na h ndizo zilizo kushoto. Makosa kumi na mawili kati ya kumi na matatu yalikuwa upande wa kushoto wa Kibona. Kulia kwake alikuwa anacheza kama zamani, na mara mbili alikuwa amemwadhibu Ferista vikali huko kwa kosa dogo sana.

Anayekuachia ushinde huchanganya makosa yake ili usigundue. Hayapangi upande mmoja.

Ferista aliinuka, akaenda jikoni, akarudi bila kuchukua kitu. Alikumbuka Mei, kikombe cha chai alichomwekea mzee kushoto na mzee akakipiga kwa kiwiko, chai ikamwagika kwenye ubao. Juni kikamwagika tena, wakacheka. Alikumbuka kichwa cha gari lake kikiwa hakina kioo cha pembeni cha kushoto, na Kibona akisema geti la Nakonde, upande wa Zambia, ni jembamba siku hizi. Wakati ule hakujiuliza geti linawezaje kuwa jembamba siku hizi. Kisha akawafikiria watu wanaopita kushoto mwa semi pale Tunduma: wanawake wenye mabeseni ya nyanya kichwani, vijana wa bodaboda, wabadilisha fedha wenye vibunda vya kwacha mkononi, watoto wa shule wakirudi nyumbani kwa mstari mmoja kwenye ukingo wa lami.

Kibona alifika Alhamisi akiwa na mzigo wa mbolea. Safari hii makaratasi yalitoka upesi kuliko kawaida. Brayan, mkuu wa ofisi, alisema gari linaweza kuvuka Ijumaa asubuhi. Saa kumi na moja jioni Ferista alitoa ubao, lakini hakupanga kete zote. Alimpanga mfalme mweusi katikati ya mstari wa mwisho wa mbele akiwa amefungiwa na askari wake watatu, na ngome moja nyeupe upande wa karibu, kwenye ukingo wa kulia wa Kibona.

"Wewe ni mweupe. Maliza mechi kwa hatua moja."

Kibona hakuchukua hata sekunde tatu. Aliisukuma ngome moja kwa moja hadi mwisho wa ubao. "Kwisha. Siku hizi unanipa maswali ya chekechea?"

"Na hii." Ferista alipanga mambo yaleyale, ila ngome aliiweka kwenye ukingo wa kushoto.

Kibona akatazama. Kwenye benchi madereva wawili walikuwa wanabishana juu ya drafti. Kibona akashika kidevu.

"Hapa hakuna."

"Ipo, mzee."

"Ferista, kuna mfalme wako na askari wako tu. Mimi nitamalizaje mechi bila kete?"

"Ngome je?"

"Ngome ipi?"

Kibona akainua uso kumtazama, kisha akageuza kichwa chote kushoto, taratibu, kama anayeitwa na mtu aliye nyuma ya bega. Akaiona. Mkono wake ukabaki hewani.

"Umeiweka sasa hivi."

"Ilikuwa hapo tangu mwanzo."

Akamwonyesha daftari. Alimweleza orodha, herufi, mechi moja baada ya nyingine, kwa utaratibu kama anavyowaeleza wateja makaratasi yao. Alimwambia habari ya vikombe viwili vya chai. Alimwambia habari ya kioo.

Kibona alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaanza kuzirudisha kete kwenye boksi, moja moja.

"Ulitaka kunishinda, umenishinda," alisema. "Sasa unataka na gari langu."

"Sitaki gari, mzee. Nataka ukapime macho kabla hujaondoka."

"Miaka ishirini na sita. Sijagonga hata mbuzi."

"Najua."

"Wewe ni wakala au daktari?"

"Mimi ni karani."

"Basi karani, makaratasi yangu yako tayari?"

Yalikuwa tayari. Yalikuwa kwenye droo, kwenye bahasha ya kaki, yamegongwa mihuri yote. Ferista alijua angeweza kusema bado, mfumo uko chini, rudi Jumatatu. Ni uongo ambao Tunduma hakuna anayeuhoji. Aliingia ndani, akasimama mbele ya droo na bahasha mkononi kwa muda ambao baadaye hakuweza kuukadiria. Lakini Jumatatu ingefika tu, na mzee angeondoka vilevile, tena bila kumwamini. Akatoka akampa.

"Nakuomba jambo moja," alisema. "Kesho kabla hujavuka, ziba jicho la kulia kwa mkono, halafu utazame nje. Basi."

Kibona alitia bahasha kwapani na kwenda zake. Hakuaga.

Ijumaa saa mbili na nusu Ferista alifika ofisini na kukuta nafasi ya gari imebaki na madoa ya mafuta tu. Alifungua kompyuta, akaingiza namba za kontena na kukosea mara mbili. Kwenye faili kulikuwa na namba ya simu ya Gwakisa, tajiri mwenye gari, anayeishi Mbeya. Alijua kwamba kwa kumpigia angekata riziki ya mtu aliyemwita mwanangu, na angeikata nyuma ya mgongo wake. Alijua pia kwamba asipopiga, na mtu akafa kwenye barabara ya Zambia, hataweza kuugusa tena ubao wa chesi maisha yake yote. Saa tatu kasoro akapiga.

"Nazungumza kutoka ofisi ya wakala Mpemba," alianza. "Ni kuhusu dereva wako Kibona."

"Ameshanipigia mwenyewe," Gwakisa alisema. Sauti yake haikuwa ya hasira, ilikuwa ya mtu anayetafuta kalamu. "Yuko kwenye foleni hapo mpakani, amezima gari. Anasema haoni. Natafuta dereva wa kuja kulichukua. Wewe ulikuwa unajua?"

"Tangu Jumapili," Ferista akajibu.

Mke wa Kibona, Tupokigwe, alimfuata Tunduma kutoka Ikinga siku ya Jumatatu, na wiki hiyo wakaenda kliniki ya macho Mbeya. Tupokigwe ndiye aliyempigia Ferista kumpa majibu. Ni presha ya macho, alisema. Haiumi, kwa hiyo mtu hajui. Jicho la kushoto limeharibika karibu lote, na la kulia limeanza kuliwa upande wa puani, ndiyo maana kushoto kote kumekuwa giza. Si giza hata, daktari alisema; ubongo unajaza pale pasipoonekana, mtu anadhani anaona kila kitu. Kilichopotea hakirudi. Kilichobaki kinaweza kulindwa kwa dawa ya matone, asubuhi na jioni, maisha yote. Kuendesha, basi.

"Amesemaje yeye?" Ferista aliuliza.

"Hajasema," Tupokigwe alijibu. "Ametia dawa, amelala."

Kwa miezi miwili na zaidi Kibona hakuzungumza naye. Ferista alituma salamu kwa simu kila Jumapili, na jibu lilikuwa neno moja, *Salama*, au halikuja. Kazini hapakuwa na mtu mwingine wa kucheza naye. Alijua amefanya linalostahili, ila kujua hivyo hakukumsaidia kama alivyodhani kungemsaidia. Saa kumi na moja jioni ilikuwa inafika, na yeye hana pa kwenda isipokuwa nyumbani.

Akarudi kwenye daftari. Aliandika upya mechi zote nane alizoshinda, safari hii kurasa tatu kila moja, na akajiuliza kila alipofika kwenye kosa la Kibona: kama angeona, mimi ningekuwa wapi? Majibu hayakupendeza. Katika mechi sita angekuwa ameshindwa. Katika moja wangetoka sare. Na akagundua jambo lake mwenyewe, ambalo mechi alizoshindwa hazikuwahi kumwonyesha: kila alipopata nafuu kidogo aliacha kumtazama mpinzani. Alikuwa anaziona kete zake tu, anapanga namna ya kumaliza, wala hajiulizi mwenzake anataka nini. Alikuta ushahidi wa tabia hiyo kila ukurasa, kwa mwandiko wake, miezi mitatu mfululizo. *Safi. Safi. Safi.*

Mwishoni mwa Septemba Tupokigwe akapiga tena. "Njoo Jumamosi," alisema. "Amechosha watu hapa. Anagombana na kuku. Njoo na ule mchezo wenu, na hilo daftari ulilete, anasema."

"Anasema yeye?"

"Anasema kwa kutosema. Wewe njoo."

Ferista alipanda gari mpaka Itumba, kisha bodaboda kwa njia ya vilima hadi Ikinga. Alimkuta Kibona amekaa barazani, amevaa koti, jua linamwakia magotini. Tupokigwe alileta ndizi za kupika na maharage, na walikula bila kuzungumza mengi. Mkewe alipoondoa sahani, Kibona akavuta meza, akauweka ubao si mbele yake bali kulia, karibu na mkono wa kiti, na akageuza shingo kidogo.

"Hivi naona wote," alisema. "Nimejaribu na trei ya chai."

Walianza kupanga kete. Alipofika kwenye mfalme Kibona aliacha kupanga.

"Nilikuwa kwenye foleni, magari kama kumi kabla ya geti," alisema. "Nikaziba jicho kama ulivyosema, ili nije nikutukane vizuri. Kushoto kwangu kulikuwa na akina mama wanauza mihogo ya kuchoma. Nilikuwa nawasikia. Mmoja ananiambia, baba nunua, mbona uko mbali? Sauti iko hapa." Alionyesha chini ya bega lake la kushoto. "Nikatazama, naona ukungu. Nikasema, hawa wako hapa tangu lini? Nimepita hapa mwaka mzima nikidhani upande huu hamna watu."

Akamweka mfalme kwenye mraba wake.

"Nilikuchukia," Kibona aliendelea. "Nikuambie ukweli. Si kwa gari. Kwa sababu uliandika. Mtu akikuambia kwa mdomo unaweza kubisha. Wewe ulikuja na hatua ya kumi na tisa, hatua ya ishirini na nne."

"Sikuandika kwa ajili hiyo, mzee. Nilikuwa najiandikia mimi."

"Najua. Lete."

Akalichukua daftari, akalisogeza kulia mwa uso wake, akasoma polepole, akifuata mistari kwa kidole. Tupokigwe alipita mara mbili, akaona hakuna wa kumsemesha, akaenda zake kuanika mahindi. Kibona alisoma karibu saa nzima. Mara mojamoja alitoa sauti puani.

"Hapa umekosea," alisema hatimaye. "Umeandika nilisogeza askofu kwa kuwa sikuona farasi. Farasi nilimwona. Nilidhani utamwogopa askofu."

"Kwa hiyo hiyo ilikuwa mbinu?"

"Ilikuwa mbinu mbaya. Lakini ilikuwa yangu. Andika hivyo."

Ferista akatoa kalamu, akaandika pembeni: *Kibona anasema alimwona.* Mzee akamtaka ayasome tena maneno hayo, akayasikiliza, akakubali. Yakapatikana mengine mawili ya namna hiyo, na ubishi juu ya la tatu ukachukua muda mpaka chai ikaja. Halafu wakacheza. Kibona alitumia dakika nyingi kwa kila hatua, akigeuza kichwa kutoka ukingo mmoja hadi mwingine kama mtu anayevuka barabara, na kwenye hatua ya thelathini na saba akaanza kuvumisha ule wimbo wake. Ferista alishindwa kwenye ya arobaini na moja.

"Pole, mwanangu," alisema mzee.

Mwaka uliofuata, Januari, Gwakisa alimpa Kibona kazi ya kusimamia magari yake yadini Mpemba: kupanga foleni, kukagua matairi, kuwapokea madereva. Mshahara ni mdogo kuliko wa safari na yeye hafichi kwamba unamuudhi. Analala Mpemba siku za kazi na kurudi Ikinga mwisho wa wiki. Matone anatia saa moja asubuhi na saa moja jioni, na kila dereva mpya anayeingia yadini humlazimisha azibe jicho moja baada ya jingine kabla hajampa nafasi ya kuegesha. Wengine wanamwona msumbufu. Agosti dereva mmoja wa Kisafwa alipelekwa Mbeya kwa sababu hiyo, akakutwa na mtoto wa jicho, akafanyiwa upasuaji na amerudi barabarani.

Ferista alikwenda kwenye mashindano Julai akapata pointi tatu na nusu. Alimkuta tena yule binti wa karanga, ambaye sasa yuko kidato cha tatu, wakatoka sare katika mechi iliyochukua saa tatu nzima. Alipokuwa anakusanya vitu vyake, binti alimuuliza anaandika nini muda wote kwenye daftari kubwa namna ile. Ferista akavuta kiti, akamfungulia ukurasa wa mechi aliyoshinda asubuhi ile, wenye maandishi mpaka kwenye pambizo, na akaanza kumweleza jinsi mpinzani wake alivyoshindwa, kutoka upande wa mpinzani.